Vidole vya Mchuma Chai Vinapokataa Kusoma

Jioni moja dada mmoja aliingia saibani kwangu hapa Sironga, kapu la majani akaliacha mlangoni, akanyoosha juu ya meza karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya C24, ile ya kuombea cheti cha maadili mema. Kati ya visanduku kumi vya vidole, vinne vilikuwa na mistari inayoonekana. Sita vilivyobaki vilikuwa madoa meusi matupu. "Kaka," akaniambia, "wamesema vidole vyangu havina alama. Sasa nitazitoa wapi?"

Alikuwa ameshalipa shilingi 1,050 kwenye eCitizen, akalipa nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kuchuma ikapotea. Ajenti wa kazi za Qatar alikuwa akimpigia simu kila asubuhi. Nilimwomba anionyeshe mikono. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia viling'aa kama mpini wa jembe la miaka mingi, na penye mikunjo palikuwa na nyufa zilizojaa weusi wa utomvu wa chai. Lakini kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa na mistari safi, imepangana kama matuta ya viazi vitamu.

Fomu ile niliichapisha mimi. Nilimjazia majina, nikamkumbusha kubeba kitambulisho, nikamwacha aende bila kumwambia neno lolote kuhusu mikono, ilhali mikono ndiyo iliyokuwa ikienda kukaguliwa. Tangu siku hiyo, kila anayekuja kwangu kwa jambo linalohitaji alama za vidole, iwe cheti cha polisi, kitambulisho, usajili wa kura au bima ya afya, tunazungumza habari za vidole kabla sijawasha printa. Haya ndiyo ninayomwambia.

Kwanza ujue ni nini kinachokataa

Ngozi ya ncha ya kidole imelimwa matuta na mifereji. Matuta hayo huanza kujichora mimba ikiwa na wiki 10 hivi, na kufikia wiki ya 24 yamekamilika. Mpangilio wake haubadiliki mpaka mtu anazikwa. Mapacha wanaofanana hadi mama yao anawachanganya, vidole vyao havifanani.

Ukikitazama kidole chako vizuri kwenye mwanga wa dirisha, utaona mojawapo ya maumbo matatu. Watu wengi wana kitanzi: mistari inaingia upande mmoja, inapinda, inarudi ilikotoka. Wengine wana duara linalojizungusha kama maji yanayoingia shimoni. Wachache wana tao, mistari inayopanda katikati na kushuka upande wa pili kama kilima. Umbo hilo peke yake halimtambulishi mtu, kwa sababu mamilioni wana vitanzi. Kinachotenganisha mtu na mtu ni vitu vidogo ndani ya umbo: hapa tuta limekatika ghafla, pale limegawanyika kama njia panda, kando yake kuna kipande kifupi kilichosimama peke yake. Mtaalamu na mashine wote wawili hutafuta vitu hivyo na jinsi vilivyopangana. Visipoonekana, hakuna cha kulinganisha, na hapo ndipo utaambiwa vidole vimekataa.

Mchuma chai hukata majani mawili na chipukizi kwa kidole gumba na cha shahada, maelfu ya mara kwa siku, msimu baada ya msimu. Vidole hivyo viwili ndivyo vinavyoisha kwanza, na bahati mbaya ndivyo maafisa wengi wanavyoviomba kwanza. Mfyatuaji wa matofali huko bondeni hulika vidole vyote kumi kwa udongo na mchanga. Akina mama wa Tabaka wanaong'arisha vinyago vya mawe ya sabuni husugua kwa msasa na maji kutwa nzima, na msasa hauulizi hili ni jiwe au ni ngozi. Fundi wa mjengo ana saruji, ambayo hukausha na kuchoma. Mwenye kumenya ndizi mbichi kila siku ana utomvu unaoganda na kujaza mifereji. Kisha kuna uzee: ngozi ya mzee hupungukiwa mafuta, na matuta yake huwa mafupi hata kama hajawahi kushika jembe.

Jambo la kushukuru ni kwamba kinachoisha ni ngozi ya juu. Mchoro wenyewe una mizizi katika tabaka la chini, na ngozi ikipumzishwa huota upya na mchoro uleule. Jeraha la panga lililofika chini kabisa ndilo huacha kovu la kudumu, na kovu hilo nalo huwa sehemu ya alama yako. Wapo watu wachache mno duniani waliozaliwa bila matuta kabisa, na zipo dawa za saratani, mojawapo capecitabine, zinazoweza kuyafuta kwa muda kwa sababu huathiri ngozi ya viganja. Mgonjwa wa aina hiyo abebe barua ya daktari kila anapokwenda kupigwa alama. Lakini mchuma chai akiambiwa hana alama, karibu kila mara anazo. Zimechakaa tu, zinataka muda.

Wiki mbili za kutunza mikono

Panga tarehe yako kama unavyopanga raundi ya kuchuma. Kama shamba lako linachumwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, usiende kupigwa alama kesho yake. Nenda mwisho wa mapumziko. Ukiweza kuruka raundi moja kabisa, mtu wa nyumbani akakuchumia, ni bora zaidi, kwa sababu ngozi inahitaji wiki mbili hivi kuinua matuta tena. Asiyeweza kuacha kazi avae glavu za mpira, na kama glavu zinamchelewesha, afunge plasta ya kitambaa kwenye kidole gumba na cha shahada peke yake. Nimeona akina mama wakichuma hivyo bila kupungukiwa kilo nyingi.

Kila usiku, loweka mikono kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, osha kwa sabuni, kausha kwa kupapasa, kisha paka mafuta ya mgando au yale mafuta mazito ya kukamulia ng'ombe. Paka mengi, ulale na soksi safi mikononi. Wanaume hucheka nikiwaambia habari ya soksi, lakini wanaojaribu hurudi na mistari. Nyufa zikiwa na vidonda, vitibiwe kwanza, maana kidole chenye kigaga hakisomeki na afisa hatakubali kidole kilichofungwa.

Utomvu wa ndizi hautoki kwa maji. Sugua mafuta ya kupikia kidogo, subiri, kisha ndipo utie sabuni. Weusi wa chai usikutie wasiwasi sana, rangi iliyobaki kwenye ngozi safi haizuii matuta kushika wino. Ninaowahofia ni wale wanaoona aibu ya mikono myeusi wakaisugua kwa jiwe la kuogea, kwa waya wa sufuria, au kwa dawa ya kung'arisha nguo. Mzee mmoja alisugua vidole kwa msasa usiku wa kuamkia safari ili "vipendeze". Alijifuta mwenyewe yale matuta machache aliyokuwa amebakiza, ikabidi asubiri mwezi mzima.

Kabla hujalipa nauli, jipime nyumbani. Paka penseli kwenye karatasi mpaka pawe na weusi unaong'aa, zungusha ncha ya kidole juu yake, kisha bandika kipande cha selotepu juu ya kidole, kibandue polepole na ukibandike kwenye karatasi nyeupe. Utaona mistari yako. Fanya hivyo kwa vidole vyote kumi, andika chini ya kila kimoja ni kipi. Kama mistari inaonekana kama nyuzi zilizotengana, uko tayari. Kama ni ukungu wa kijivu, rudi kwenye mafuta na soksi. Karatasi hiyo pia itakuonyesha kidole chako bora, jambo ambalo utalihitaji baadaye. Shughuli zote zikiisha ichome, usiiache ikizagaa.

Siku ya kwenda

Asubuhi ya safari usipake mafuta. Mafuta husukuma wino, alama ikatoka na matobo. Osha mikono kwa sabuni, suuza, kausha kabisa. Na asubuhi zetu za Nyamira zina baridi: kidole cha baridi hunywea, kikawa kikavu, mistari ikafifia. Ukifika, ingiza mikono kwapani au ishike kikombe cha chai ya moto kwa muda kabla ya zamu yako.

Kuhusu karatasi, nitasema machache. C24 huchapishwa pande mbili za karatasi moja. Ukichapishiwa karatasi mbili utarudishwa, na kosa hilo ni la mwenye saiba, mdai akuchapishie tena bure. Beba kitambulisho halisi na nakala yake, pamoja na risiti ya malipo. Unaweza kupigwa alama katika Kituo cha Huduma au kwa maafisa wa upelelezi, na kutoka Sironga Nyamira mjini ndiko karibu.

Sasa wino wenyewe. Afisa atashika kidole chako akizungushe kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi ukingo wa pili. Kidole gumba huzungushwa kuelekea mwilini mwako, vingine vinne huzungushwa kutoka mwilini. Sababu ya kuzungusha mpaka ukuchani ni kwamba kwenye kitanzi na kwenye duara, pembeni mwa kidole kuna mahali mistari inapoachana na kuacha pembe tatu ndogo, kama mto unapogawanyika. Mtaalamu huhesabu matuta kutoka hapo hadi katikati. Kidole kikigandamizwa katikati tu, pembe ile haitokei, na alama nzuri ya kutazama inakuwa haina kazi.

Kosa kubwa la watu wa mikono ya kazi ni kusaidia. Wamezoea kushika na kukaza, kwa hiyo afisa akizungusha, wao nao wanazungusha, na mistari inajifuta yenyewe. Legeza mkono kama wa mtoto aliyelala. Simama mbele kidogo ya meza, tazama ukutani, mwache afisa afanye. Usigandamize. Wino mwingi nao hufunika mifereji, kwa hiyo ukiona kidole kinameremeta kwa wino, mwambie kwa adabu, "Afisa, samahani, wino umezidi, tupunguze?" Maafisa waungwana wako wengi na watakushukuru, maana fomu mbovu huwarudia wao pia.

Kabla ya kuondoka, iangalie fomu. Je, kulia kumeandikwa kulia? Je, kuna kidole kilichopigwa mara mbili na kingine kikasahaulika? Alama juu ya alama haisomeki, na iliyochafuka haitengenezwi kwa kupigia juu yake. Omba fomu safi, ndiyo maana mimi humchapishia mtu mbili tangu mwanzo. Aliyekatika kidole aseme mapema ili iandikwe kwenye kisanduku chake kwamba hakipo. Kisanduku kitupu kisicho na maelezo huzua maswali.

Mbele ya mashine

Kwenye skana mambo yanabadilika kidogo. Wino unataka kidole kikavu, lakini mashine nyingi zinataka unyevu kiasi. Kama kidole kimekauka kabisa, kigusishe kwenye paji la uso au kando ya pua, kile kijasho na mafuta ya asili kitatosha. Weka kidole kilale, si ncha pekee, ukiache mpaka mashine imalize. Omba kioo kipanguswe, kwani mabaki ya vidole vya waliokutangulia huichanganya.

Na hapa ndipo ile karatasi ya selotepu ina faida. Siku ya kusajiliwa, mwombe afisa asajili vidole vingi kadiri mfumo unavyoruhusu, na umwambie kipi ni bora. Kwa wachumaji ninaowajua, mara nyingi ni kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa kuwa havikati chai. Siku ya kutambuliwa, kama cha shahada kimekataa, usiondoke kwenye foleni. Sema, "Tujaribu cha pete cha kushoto."

Haya ninayasema kwa uchungu. Mama yangu aliwahi kukaa kwenye benchi la hospitali moja tangu saa mbili asubuhi hadi alasiri kwa sababu mashine haikumtambua kidole gumba, na hakuna aliyewaza kujaribu kingine. Alikuwa na vidole kumi na malaria moja. Nilipofika jioni, kidole chake cha pete kilisoma mara ya kwanza.

Kwenye kura, sheria iko upande wako. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulionyesha nchi nzima kitakachotokea mashine za kutambua wapiga kura zikizimika katikati ya foleni, na mwaka 2022 zilikwama tena katika vituo vya Kakamega na Makueni, ikabidi daftari lililochapishwa litumike. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Uchaguzi kinataka kuwe na njia mbadala ya kumtambua mpiga kura. Kwa hiyo kidole kikikataa, omba utafutwe kwa nambari ya kitambulisho, mbele ya mawakala. Msimamizi ana fomu ya kujaza kwa ajili ya mtu kama wewe. Kidole kukataa hakukuondoi kwenye daftari. Beba tu kitambulisho kilekile ulichojiandikishia.

Ukiwa na mzee nyumbani anayekataa katakata kupigwa alama, usimfokee. Msikilize kwanza. Sheria ya kipande, ile karatasi ya utambulisho ya enzi za ukoloni, ilitungwa mwaka 1915, ikatekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipigwa alama za vidole, akatembea na karatasi hiyo ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Babu zetu waliokwenda kuchuma chai ya wazungu Kericho walikwenda nacho, na kukipoteza au kuacha kazi bila kutiwa sahihi kulikuwa kosa la jinai. Sheria mpya ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa rangi zote wasajiliwe, walowezi walipinga vikali kupakwa wino, wakisema ni kuwafanya wahalifu. Mwafrika alikuwa amepakwa miaka yote hiyo na hakuna aliyemuuliza. Hata kitambulisho cha kisasa kilikuwa cha wanaume pekee mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978, kwa hiyo nyanya wengi hapa kwetu walikuwa watu wazima wenye wajukuu walipopata yao ya kwanza. Mzee wa namna hiyo akiogopa wino, ana sababu zake. Mweleze kwa Ekegusii, lugha yetu, alama hii ni ya nini, nani ataiweka, na yeye atapata nini. Nimewaona wengi wakikubali wakishaelezwa hayo matatu.

Na vijana nao waulize hayo matatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu alama za vidole kuwa taarifa nyeti za mtu. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilisimamisha kadi za Huduma kwa sababu serikali haikuwa imetathmini kwanza madhara kwa taarifa za watu, na mwaka 2023 serikali ikasimamisha Worldcoin baada ya maelfu kupanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho kwa malipo. Mtu akija sokoni na mashine, akisema weka kidole upate unga au mkopo, muulize anatoka ofisi gani, na mwende pamoja kwa chifu kwanza.

Dole gumba kwenye karatasi ya shamba

Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko mashine zote. Dole gumba la mtu asiyejua kuandika ni sahihi kamili mbele ya sheria. Huku kwetu, ambako ekari moja imegawanywa kwa ndugu wanne, nimeshika mikononi karatasi za mauzo zenye dole gumba la mjane ambaye, nilipomsomea, alishika kichwa.

Kama mama au nyanya yako anatakiwa kuweka dole gumba, hakikisha karatasi imejazwa yote, hakuna nafasi tupu juu ya sahihi. Isomwe kwa sauti kwa Ekegusii, na msomaji awe mtu aliyemchagua yeye, asiwe wa upande wa mnunuzi. Chini ya alama paandikwe jina lake, nambari ya kitambulisho, kidole kipi na cha mkono upi, tarehe, na jina la aliyemsomea na shahidi. Alama ipigwe kwa pedi ya wino. Nimeona kidole kikipakwa wino wa kalamu ya biki, likatoka doa ambalo hakuna mtaalamu atakayelisoma, na pengine ndivyo mwenye karatasi alivyotaka. Achukue nakala papo hapo. Na shamba la kilimo haliuzwi kwa dole gumba peke yake: ni lazima idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, inayoombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, na mwenzi wa ndoa awe ameridhia.

Alama nzuri humlinda aliyeipiga. Mtu akidai bibi fulani aliuza, na bibi akasema sijauza, mtaalamu wa polisi anaweza kulinganisha kidole chake na kilicho kwenye karatasi. Hiyo ndiyo sababu ya kuisisitiza ipigwe safi, ukucha hadi ukucha, hata pale ambapo kila mtu ana haraka ya kwenda kunywa soda.

Nyumba ikivunjwa

Ukikuta mlango umevunjwa, ng'ang'ana na jambo moja: usipange vitu. Najua jinsi inavyouma kuviona vyombo vimetapakaa. Jasho na mafuta ya kidole hubaki kwenye kioo, bati la rangi, sufuria, chupa na skrini, na polisi huyainua kwa unga laini na utepe. Ukuta wa udongo na mbao chafu kwa kawaida hazitoi kitu. Kioo kilichovunjwa kikiwa nje na mvua ya jioni inakuja, kifunike kwa karai bila kukigusa uso. Kama ni lazima ukisogeze, kishike kingoni na ukitie kwenye bahasha ya kaki, si plastiki, maana unyevu huifuta alama. Usishangae mkiombwa nyinyi wa nyumbani alama zenu: ni ili zitolewe kwenye hesabu, ibaki ya mgeni.

Na ikipatikana alama ya mtu, usikimbilie kupiga mayowe. Kisii na Nyamira tunajua umati unavyoweza kuua kabla ya ushahidi kufika. Alama husema kidole hiki kiligusa hapa. Haisemi lini wala kwa nini. Jirani aliyekuja kukopa chumvi ana alama kwenye kopo lako. Hata wataalamu wakubwa hukosea: mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni mjini Madrid, FBI ya Marekani ilimkamata wakili Brandon Mayfield kwa alama iliyodhaniwa kuwa yake. Alikaa kizuizini wiki mbili mpaka polisi wa Hispania walipompata mwenye alama, na FBI ikamwomba msamaha. Mwache mtaalamu alinganishe, mwache hakimu asikilize.

Dada yule wa C24 aliruka raundi moja, mdogo wake akamchumia. Siku ya kumi na mbili alikuja mapema, tukapaka penseli kwenye karatasi, tukabandika selotepu, tukaangalia kwa lenzi yangu ya kusomea nambari ndogo. Kidole cha shahada cha kulia, kilekile kilichokuwa kimeng'aa kama mpini, kilikuwa na kitanzi kinachofungukia upande wa kidole kidogo, na karibu na katikati tuta moja likagawanyika mara mbili. Alikitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama hicho kitu kilikuwa hapo siku zote. Nikamwambia kilikuwapo tangu tumboni mwa mama yake. Nikamchapishia fomu mbili, kila moja pande mbili za karatasi moja, akanawa mikono bombani, akaifuta kwa leso, akapanda pikipiki ya Nyamira mikono akiwa ameificha kwapani.